Maua ya kudumu Kigoma: anza na kilichoko chini ya ardhi

Mvua za kwanza zikishagonga mabati, wauza miche wa Kigoma mjini hutoa viroba vyao kando ya barabara, na wateja karibu wote huanza na swali moja: lipi linachanua sana? Muuzaji humwonyesha mteja lililochanua siku hiyo, na biashara inaisha hapo. Lakini mche uliochanua ndani ya kiroba mwezi wa kumi na moja, kivulini, ukimwagiliwa asubuhi na jioni, hausemi lolote kuhusu mwezi wa tatu, udongo ukiwa tope, wala mwezi wa nane, udongo ukiwa umepasuka. Ua la msimu halina haja ya kuijibu miezi hiyo, maana litakuwa limeshakufa. Ua la kudumu, lile unalopanda mara moja ukakaa nalo miaka mitano au kumi, uhai wake uko mikononi mwa miezi hiyo miwili.

Kwa hiyo rangi na ukubwa wa ua vingoje kwanza. La kuuliza ni hili: mmea huu una nini chini ya ardhi, na hicho kilichoko chini kinafanyaje mvua ikizidi, na kinafanyaje ikikatika? Ukilijua hilo, nusu ya majina yanayokuchanganya yatajipanga yenyewe.

Mvua nyingi, lakini kwa zamu

Kigoma husifiwa kuwa mkoa wa mvua za kutosha na joto la wastani. Kwa hesabu ya mwaka mzima ni sawa: mjini hunyesha karibu milimita 1,000, na milimani zaidi. Ila mvua hiyo huja kwa mkupuo. Huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, mara nyingi hupumzika wiki mbili tatu Januari au Februari, hurudi kwa nguvu, kisha hukatika mwanzoni mwa Mei. Juni hadi Agosti unaweza usione tone. Mtu wa Bukoba, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, anaweza kupanda mmea wenye kiu akausahau. Wa Kigoma hawezi, na wa Tabora ndiyo kabisa: kule udongo mwingi ni wa kichanga, maji hupita tu yakaenda zake.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo kwa maua ni zito kuliko watu wanavyodhani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi kwenye milima ya Manyovu, penye kahawa na migomba, unafika mita 1,500 na kupita. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mimea mingi iliyozoea ubaridi haiuliwi na jua la mchana, bali huchoshwa na usiku wa joto. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, usiku huitumia kupumua. Usiku ukiwa wa joto, mmea hupumua haraka, akiba inaliwa, na kinachobaki hakitoshi kutengeneza maua. Dalia, ambayo asili yake ni milima ya Meksiko, huonyesha jambo hili waziwazi: milimani hutoa ua linalojaza kiganja, na ukiileta Bangwe, huku chini ufukweni, inarefuka, inakonda, inatoa maua madogo ya kubahatisha. Samadi haiwezi kuliondoa tatizo hilo.

Kwa hiyo mtu akikwambia ua fulani "linakubali Kigoma", muulize Kigoma ipi.

Wanaokunywa, wanaolala na wanaongoja jua

Mimea ya kudumu haimalizi mwaka kwa njia moja. Ipo isiyolala kamwe, inayotaka maji Januari na inayataka Agosti. Hapa ndipo ilipo helikonia, na tangawizi ya maua yenye mikuki myekundu, na kana. Hawa ni ndugu wa mgomba, kwa damu hasa: mgomba, tangawizi, binzari, kana na helikonia wote wako katika ukoo mmoja mkubwa wa mimea, na kwa sababu hiyo aliyelelewa penye migomba ameshajua sehemu kubwa ya kazi. Lile linalosimama kama shina la helikonia ni majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe liko ardhini, linatambaa na kutoa machipukizi. Kila chipukizi huchanua mara moja tu, halafu kazi yake imekwisha. Wengi huyaacha mashina yaliyokwisha kuchanua yakasimama mwaka mzima, kichaka kinajaa, mwanga haupiti, wanabaki na majani. Ua likishanyauka, fyeka shina lake hadi chini, kama unavyofanya mkungu ukishavunwa.

Kana ni mvumilivu zaidi. Udongo wa tope ambao ungeozesha vingine haumsumbui, na pale nyuma ya jiko yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo ndipo anaponenepa. Helikonia hana ustahimilivu huo, tena hapendi upepo. Kiangazi, upepo wa kusini unapovuma ziwani siku nzima, majani yake huchanika vipande vipande. Mweke nyuma ya ukuta au upande wa pili wa nyumba, na uhesabu kabisa ndoo atakazokunywa kati ya Juni na Oktoba. Usipokuwa na maji ya kumpa, usimnunue. Ni mmea mzuri sana kwa nyumba yenye maji, na mzigo kwa nyumba inayonunua maji kwa dumu.

Kundi la pili hulala, na kwa maoni yangu ndilo lililosahauliwa bila sababu. Mimea hii hujificha ardhini ikiwa kiazi au tunguu, mvua ikikatika inaacha majani yakauke, na mvua ikirudi inaamka. Haihitaji ndoo hata moja. Mingi ni ya hapa hapa, ya miombo inayoanzia nyuma ya mashamba yetu na kuendelea hadi Tabora.

Chukua gloriosa. Huchomoza mvua zikishakolea, hupanda juu ya vichaka kwa kutumia ncha za majani yake, ambazo hujikunja na kushika chochote kilicho karibu. Ukiisogelea utaona kila jani limemalizika kwa kikonyo chembamba kilichojiviringisha kwenye kijiti. Ua lake hutazama chini lakini petali zake zimepinduka kuelekea juu, zina kingo za mawimbi, njano kwenye shina na nyekundu kwenye ncha. Mvua zikiisha linanyauka lote, na asiyelijua huanza kulimwagilia akidhani limekufa kwa kiu. Hapo ndipo anapoliua kweli, maana kiazi kilicholala kwenye udongo wenye maji huoza.

Mwingine ni skadoksi, tunguu linalotoa mpira mwekundu wa maua madogo mengi, hadi 200 kwenye kikonyo kimoja, mwanzoni kabisa mwa mvua. Na kostasi ya miombo, ambayo hulaza majani yake manne chini kabisa juu ya udongo na kuweka ua la njano katikati yao. Hii ipande pembeni ya njia, maana ukiitupa nyuma ya vichaka hutaiona maisha. Gladiola ya porini nayo imo humo, na inastahili heshima kidogo: ni mmoja wa wazazi wakuu wa gladiola kubwa zinazouzwa kwenye maduka ya maua duniani kote.

Usiende kuing'oa mimea hii hifadhini. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, na hakuna kinachotolewa mle. Lakini kila mwaka mashamba mapya yanasafishwa, na mwenye shamba anayechoma visiki kwa kawaida atakuruhusu kuokoa matunguu kabla ya jembe. Ukikosa, chukua mbegu. Gloriosa kutoka mbegu itakuchukua miaka miwili mitatu kabla haijachanua, lakini itachanua. Tatizo la kundi hili zima ni kwamba kiangazi halionekani, na kijana anayekuja kulima bustani atapitisha jembe juu yake. Chomeka kijiti au weka jiwe mahali kila moja lilipolala.

Kundi la tatu hungoja jua. Bogenvilia ndiyo mfalme wake. Watu humlalamikia kwamba ameota hadi juu ya paa bila ua, na ukiuliza utasikia anamwagiliwa kila jioni na kupewa samadi kila mwezi. Bogenvilia anayeshiba maji na naitrojeni hutoa majani. Akionja kiu ndipo anapopaka rangi, na rangi hiyo hata si ua: ni majani maalumu yaliyozunguka ua dogo jeupe lililo katikati. Mnyime maji kuanzia Mei uone. Mshubiri naye huweka maji ndani ya majani yake manene na kutoa mikuki ya maua mekundu au ya chungwa katikati ya kiangazi, wakati ambapo bustani nyingine zote zina vumbi, na chozi huifuata nekta yake alfajiri. Taji la miiba, kutoka Madagaska, huchanua karibu mwaka mzima kwenye changarawe isiyofaa kwa kitu kingine. Plambago ya buluu, ya Afrika Kusini, hustahimili ukame mizizi yake ikishashika, na huchanua kwenye matawi machanga tu, kwa hiyo ipogoe bila huruma mara mbili kwa mwaka.

Hawa wa kundi la tatu adui yao ni masika. Waweke juu ya kilima, juu ya tuta, kando ya ngazi, popote maji yanapokimbia.

Bustani ya Kigoma isiyochosha macho ina angalau mmoja kutoka kila kundi. Wa mwanzo hushika mvua kubwa, wa pili hufungua msimu, wa tatu hubeba kiangazi. Ukichukua kundi moja tu, kwa vyovyote kutakuwa na miezi minne ya kutazama udongo.

Maelezo ya nchi za baridi, na namna ya kuyasoma kinyumenyume

Siku hizi mtu hutafuta maua kwenye simu, na maelezo anayoyakuta mengi yameandikwa kwa ajili ya Uingereza au Marekani. Yana faida, ila lazima ujue yanazungumzia nini. Kule msimu wa kufa ni wa baridi, na mmea husifiwa kwa kustahimili theluji. Sifa hiyo kwetu haina kazi. Kibaya zaidi, baadhi ya mimea ya kule haiwezi kuchanua bila baridi yenyewe. Tulipu, kwa mfano, inahitaji wiki 12 hadi 16 za ubaridi wa chini ya nyuzi 9 hivi ili ua lililo ndani ya tunguu likamilike. Pioni ni hivyo hivyo. Manyovu penyewe, pamoja na ukungu wake, hapafiki huko. Anayekuuzia tunguu la tulipu hapa anakuuzia kitunguu cha gharama.

Urefu wa siku nao una neno. Huku karibu na mstari wa Ikweta, kwenye latitudo ya 5 kusini, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote ni kama nusu saa tu. Mimea inayongoja siku ndefu za saa 15 au 16 kama ishara ya kuchanua itangoja milele.

Lakini geuza karatasi upande wa pili. Mimea mingi ambayo kule huandikwa kuwa ya msimu mmoja ni ya msimu kwa sababu moja tu: theluji inaiua. Kwetu hakuna theluji, kwa hiyo ni ya kudumu. Lile ua laini la kivulini ambalo wauza miche huliita impeshensi hutupwa Ulaya kila mwaka baridi ikianza. Kwao asilia ni misitu ya Afrika Mashariki, na huko huishi miaka. Jina lake la kisayansi, Impatiens walleriana, linamkumbuka Horace Waller, yule yule aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, mzee aliyekutwa na Stanley chini ya mwembe, kama isimuliwavyo, pale Ujiji mwaka 1871. Kwa hiyo ua linalouzwa London kwa trei lina undugu wa mbali na mwembe wa Ujiji. Pentasi, anayependwa sana na vipepeo, ni wa Afrika Mashariki pia. Gerbera ni wa Afrika Kusini. Vinka ni wa Madagaska, na ndani ya majani yake ndimo zilimopatikana dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini. Wote hawa ukiwasoma kwenye maelezo ya kizungu utaambiwa uwanunue upya kila mwaka. Usinunue upya. Wapogoe.

Hewa ndani ya udongo

Sasa twende kwenye kinachoua maua mengi Kigoma, ambacho si jua. Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni, na oksijeni hiyo iko kwenye vinafasi vidogo kati ya chembe za udongo. Mvua ikijaza vinafasi hivyo kwa siku kadhaa, mizizi inakabwa, halafu vijidudu vya kuozesha, ambavyo baadhi huogelea ndani ya maji ya udongo, vinaimaliza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, na kwa hiyo mmea hunyauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Mwenye bustani anaona majani yamelegea, anachukua ndoo, anaongeza maji.

Kabla ya kumwagilia mmea ulionyauka wakati wa masika, fukua kidogo pembeni yake na uvute mzizi mmoja. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa rangi ya maziwa. Mzizi uliooza ni wa kahawia, una harufu ya dimbwi, na ukiuminya katikati ya vidole ngozi yake huteleza na kutoka, ukabaki na uzi mwembamba mkononi. Ukiuona uzi huo, ndoo irudishe ndani.

Kipimo cha kufanya kabla ya kupanda hakigharimu kitu. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huo huo, lijaze maji, yaache yazame, lijaze tena. Mara ya pili tazama saa. Maji yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, udongo unatosha kwa mimea mingi. Yakiwa bado yapo kesho yake, hapo ni pa kana na krinumu (tunguu linalovumilia maji), au uinue tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi. Usijaribu kulainisha mfinyanzi kwa ndoo mbili za mchanga wa ziwani. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hushikana kama saruji. Kinachofungua mfinyanzi ni mboji na samadi iliyoiva, mwaka baada ya mwaka.

Mji wa Kigoma umekaa kwenye miteremko, na mteremko una faida yake: maji hayatuami. Hasara ni kwamba huondoka na udongo wa juu. Panga matuta yakate mteremko, yasishuke nao. Maeneo ya bondeni kama Katubuka, na nyumba za ufukweni ambako ziwa lilipanda miaka hii ya karibuni, hesabu zake ni nyingine kabisa. Maji ya chini ya ardhi yako karibu, na tuta lisipoinuliwa vya kutosha, mzizi mrefu utayafikia.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Maji ya Ziwa Tanganyika si maji ya kawaida kwa mmea. Yana chumvichumvi za madini na ni ya upande wa alkali, yaani kinyume cha asidi, kipimo chake cha pH kikiwa karibu 9, wakati mimea mingi ya maua hufurahia kati ya 6 na 7. Maji ya bomba ya mjini hutoka ziwani humo. Udongo wa milimani, kinyume chake, una asidi, kwa sababu mvua za karne nyingi zimeukosha chokaa. Mmea unaopenda asidi, kama haidrenjia, ukimwagiliwa maji ya ziwa kiangazi chote utaanza kuonyesha majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani. Mara nyingi madini ya chuma yamo ndani ya udongo, ila kwa pH hiyo mzizi hauwezi kuyachukua. Kinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya mimea hiyo, na majivu ya jikoni yapeleke kwingine. Na kama uko Kasulu au Kalinzi mwenye udongo wa asidi, haidrenjia yako itachanua buluu. Jirani anayemwaga majivu kwenye shina la yake atapata ya waridi. Ni mmea ule ule.

Kuhusu waridi

Kila mtu anataka waridi, kwa hiyo niseme. Ugonjwa wa madoa meusi, unaokausha majani ya waridi yakapukutika, husababishwa na kuvu ambaye mbegu zake zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi au zaidi ndipo ziingie. Masika ya Kigoma hutoa saa hizo kila usiku. Milimani au mjini, waridi atapata jua la asubuhi linalokausha umande mapema, atapandwa mbali na mwenzake, atamwagiliwa shinani na si juu ya majani, na majani yaliyoanguka yataokotwa na kuchomwa. Asiyeweza hayo apande pentasi nyekundu, kwa kuwa kwa mbali macho hayajui tofauti, na yasmini karibu na dirisha kwa ajili ya harufu.

Wazuri wasiopaswa kuingia

Baadhi ya maua ya kudumu hudumu kupita kiasi. Alizeti mwitu yenye maua makubwa ya njano, inayojaza kingo za barabara, haina haja ya mlezi. Inafaa kukatwa majani ikawa mbolea ya kijani, si kupandwa. Lantana ni sumu kwa mifugo na ndege husambaza mbegu zake hadi porini. Tangawizi nyeupe yenye harufu nzuri ya jioni haina ubaya ndani ya pipa, lakini kando ya kijito itakifunga. Na gugu maji, pamoja na ua lake la zambarau linalovutia, lisiwekwe kwenye bwawa la nyumbani hata kidogo. Mvua moja kubwa hulitoa bwawani hadi mtoni. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza nchini, na ziwa linalopokea maji yake, haziwezi kulipia pambo la mtu. Anayetaka ua la majini apande yungiyungi.

Siku ya kupanda, na baada ya hapo

Panda Novemba au Desemba, mvua zikishatulia. Sababu ni mizizi: mche unaoingia ardhini mwezi huo una miezi mitano ya kujenga mizizi kabla ya kiangazi. Unaoingia Aprili una wiki chache, hata kama siku unapoupanda unaonekana mzuri zaidi. Mkipatana bei, geuza mche, utoe kwenye kiroba na utazame. Mizizi iliyozunguka duara hadi kufunga ifungue kwa vidole au ikate pembeni, la sivyo itaendelea kuzunguka ardhini mwaka mzima. Gerbera mwinue kidogo, moyo wake uwe juu ya udongo, maana ukifukiwa unaoza wiki hiyo hiyo.

Matandazo ya nyasi yanasaidia sana kiangazi, lakini mchwa nao wanayapenda. Yaache mbali na shina upana wa kiganja, na yatandaze membamba, kisha ongeza yanapopungua. Kuku ni shida kubwa kuliko mchwa kwa miezi mitatu ya mwanzo, na dawa yake ni matawi ya miiba juu ya tuta hadi mimea ishike.

Baada ya miaka mitatu au minne, helikonia, kana na lili za siku moja huanza kufa katikati na kuchanua pembeni tu. Ngoja mvua za kwanza, ng'oa kichaka chote, kata vipande vyenye machipukizi mawili matatu kila kimoja, tupa sehemu ya katikati iliyozeeka, rudisha vipande bora kwenye udongo uliotiwa samadi. Utabaki na ziada, na hiyo ndiyo huzunguka mtaani kutoka nyumba hadi nyumba. Kana na helikonia gawa bila maneno mengi. Gloriosa mpe mtu ukiwa umemweleza kwanza: kiazi chake kina kolchisini, sumu inayoua, na kikiwa kimeoshwa vizuri mtu anaweza kukidhania kiazi kikuu. Kisifungwe kwenye mfuko mmoja na viazi vya kula, kisiwekwe jikoni, na mwenye watoto wadogo akipande nyuma ya uzio au achukue kana.